Andazi la Kushoto

Habari za kifo cha dada yetu muuguzi wa mji wa Euless zilinikuta kwa kinyozi Jumamosi iliyopita, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikimfafanulia kinyozi kwa nini timu ya Dallas ilifungwa. Aliyenipigia simu alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu. "Mwandishi," akasema, "yule dada yetu ametuacha asubuhi hii." Nyinyi wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Siku hiyo nilinyamaza mpaka kinyozi akauliza kama amalizie au anipe muda. Tulijua anaumwa tangu Pasaka, lakini kujua hakukunisaidia kitu. Niliumia, jamani, niliumia kweli.

Nisijifanye nilikuwa rafiki yake wa karibu. Tulijuana kwa sababu ya domo langu. Miaka ile ya tisini, nilipokuwa mgeni bado hapa Texas, niliandika kwenye safu hii hii kwamba mpira wa Kimarekani nimeuelewa wote, kwamba ni raga iliyovaa magodoro, inayochezwa na watu wanaopumzika kila baada ya sekunde tano. Ukweli ni kwamba nilichokijua ni kuwa mpira wenyewe umechongoka huku na huku. Basi. Lakini ukishaandika jambo gazetini, kuna mtu mahali fulani ataliamini, na aliyeniamini mimi alikuwa yeye. Alikuja nyumbani kwangu moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare zake za uuguzi, akaketi bila hata kuvua viatu.

"Mwandishi, wewe si ndiye unaelewa hii game?" aliniuliza. Nikasema naielewa vizuri sana. Mungu anisamehe. Basi akanimwagia yaliyomjaa moyoni. Alikuwa mjane, na mtoto wake wa pekee, kijana mrefu mwenye mabega ya mlango, alikuwa amechukuliwa kwenye timu ya shule ya upili. Mama mtu alikuwa amekwenda kumtazama mechi tatu. Katika mechi zote tatu mtoto hakuugusa mpira hata kidogo. "Anasukumana tu na watu! Wenzake wanakimbia na mpira, wanashangiliwa, yeye wanamtumia kama ukuta. Ni kwa sababu sisi ni wageni, sivyo? Mimi namtoa." Tatizo ni kwamba alikuwa ameshamwambia kijana hivyo, na kijana, ambaye siku hizo kila akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, alimjibu kwamba akitolewa kwenye timu atafunganya nguo zake ahamie Houston, kwa mjomba wake wa mtaa wa Sharpstown. Na hakuwa anatania. Mama wa watu aliniambia hayo huku akikunjakunja kitambulisho chake cha kazini mpaka nikaogopa kitavunjika. Kumwacha mtoto adharauliwe hakutaka. Kumpoteza hakuweza.

Mtu mwenye akili angemwambia ngoja kwanza, tuulize watu wanaoujua mchezo. Mimi nikasema tupeleke ujumbe kwa kocha. Ndiyo, ujumbe, kama tunavyokwenda kuposa au kumwombea kijana nafasi shuleni kule nyumbani. Mimi ningekuwa mzee wa ukoo, yeye angekuwa mama mzazi, na tusingekwenda mikono mitupu. Nilivaa suti. Ulikuwa mwezi wa tisa, na wanaoijua Texas mwezi wa tisa wataelewa jasho ninaloliongelea. Yeye alibeba chupa ya chai ya maziwa na bakuli la mandazi ya moto. Kijana alipotuona tukishuka kwenye gari pale shuleni alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Mom, please," alisema. Mama akamwambia amsalimie mzee.

Kocha alitupokea ofisini kwake kwa adabu zote. Nilianza kama inavyotakiwa: nikamwuliza hali yake, ya mke wake, ya watoto, ya wazazi wake. Nikamsifu kwa mvua iliyonyesha. Alikuwa akiitazama saa yake ya ukutani kwa siri, naye mama akinikanyaga mguu chini ya meza. Hatimaye nilifika kwenye shabaha. Nikamwambia kwamba sisi familia tunashukuru, lakini tunaomba kijana wetu naye apewe mpira, hata mara moja tu, ili mama yake afurahi.

Kocha hakucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alilivuta bakuli la mandazi. Akapanga mandazi matano mstari mmoja juu ya meza, na nyuma yake akaisimamisha chupa ya chai, kifuniko kimefunguliwa kwa kuwa mama alikuwa ndiyo kwanza anatumiminia. Chupa, akasema, ndiye mrushaji. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Inaweza kukimbia nao au kuurusha mbele. Vikombe vyetu akavigeuza kuwa wapinzani, akavipanga ng'ambo ya mandazi. Kazi ya vikombe ni kukisia: hawa watakimbia au watarusha? Wakikisia kwamba watarusha, wanakimbilia chupa. Na mandazi matano yale, akasema, kwa kanuni hata hayaruhusiwi kupokea mpira unaorushwa. Yapo ili chupa ipate muda wa kutazama mbele na kuamua. Halafu akagusa andazi la mwisho. Mrushaji wetu hutumia mkono wa kulia, akasema, kwa hiyo akijigeuza kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto. Anayekuja kutoka kushoto hamwoni kabisa. Hapo ndipo ninapomweka...

Akanyoosha kidole kwenye andazi la kushoto, na andazi la kushoto halikuwepo.

Lilikuwa mdomoni mwangu. Wapenzi wasomaji, nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mandazi ya yule mama yalikuwa na iliki. Kocha alinitazama, akalitazama pengo, kisha akakisukuma kikombe kimoja kupitia pale pale mpaka kikaigonga chupa. Chupa ikaenda chini, chai ikatapakaa mezani, kwenye karatasi zake na kwenye suruali yangu ya suti.

"Mmeona?" akasema.

Mimi niliona suruali yangu. Mama aliona kitu kingine. Aliliangalia lile pengo, chai ikidondoka sakafuni. "Huyo wa kurusha," akauliza, "akigongwa hivyo kwa nyuma, anaumia?" Kocha akasema anaweza kuumia vibaya, ndiyo maana pale anamweka yule anayemwamini kuliko wote. "Na ana mama?" Kocha akasema anaye, huwa anakaa safu ya mbele jukwaani. Mama akachukua kitambaa kwenye mkoba wake akaanza kufuta meza. "Basi aendelee hapo hapo," akasema. "Na wewe, Mwandishi, umenilia mtoto."

Utani huo ulinifuata miaka yote. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, akina mama wa Kikongo wa kanisani wakipita na sinia la mandazi, yeye alisikika kutoka mwisho wa ukumbi: "Mhesabieni yule, atakula mtoto wa mtu!" Kijana hakwenda Houston. Alianza kumweleza mama yake mchezo mezani wakila, Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo, mandazi yakipangwa, na mama akawa shabiki wa namna ambayo sijaiona tena. Hakuutazama mpira hata siku moja. Aliniambia nami niache kuutazama, nikamwambia basi nimekuja kutazama nini.

Jibu nililipata Ijumaa moja jioni, mechi ya mwisho ya msimu. Mrushaji alipata muda mrefu ajabu, akaupeleka mpira mbali, mwenzake akaudaka na kukimbia mpaka mwisho wa uwanja. Jukwaa zima liliruka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mzungu nisiyemjua, mwenye kofia kubwa, tunapiga kelele kama watoto. Nilipogeuka kumtafuta mama, kiti chake kitupu. Nikadhani amekwenda msalani, nikasikitika kwamba amekosa bao. Kumbe alikuwa ameshafika chini, kwenye uzio, anaita jina la nyumbani la mwanawe. Kijana alikuwa chini nyuma kabisa, mahali ambapo mpira uliondokea, ameshika goti, na katika maelfu ya macho yale hakuna lililokuwa limemwona ila la mama yake. Alisikia sauti, akainua mkono. Ndipo waamuzi nao wakatazama upande ule. Goti lilipona. Mimi bado naona aibu kwa ile kofia.

Alhamisi tulimuaga. Kijana sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, alikuja na mabega yake yale yale, akapanda mbele ya kanisa lililojaa. Tulitarajia Kiingereza. Akasema, kwa Kiswahili cha kutafuta neno moja moja, "Watu wote walikuwa wanaangalia mpira. Mom alikuwa anaangalia mimi." Akafungua mdomo aendelee, ikashindikana. Alisimama pale akitetemeka, ukumbi mzima umemkazia macho, na hakuna aliyejua afanye nini.

Nikainuka na magoti yangu mabovu. Nilipanda zile ngazi za mbele, nikaenda nikasimama kushoto kwake, nyuma kidogo, mahali asiponiona. Sikusema neno, na mnajua hilo kwangu ni kazi. Baada ya muda niliona mabega yanatulia, akaanza tena kuzungumza. Kwa hiyo wiki hii sina uchambuzi wa mchezo wowote. Nina hili tu nililofundishwa na mama mmoja pamoja na bakuli lake la mandazi: ukimwona mtu amesimama peke yake mbele za watu, tazama kushoto kwake, na kama pako wazi, inuka uende.