Viatu vya Dakta Joymon

Hutaniamini. Nakuambia mapema ili usinipotezee muda na maswali. Habari hii nimeisimulia kwenye kilabu cha tembo la mnazi hapa Pala, mbele ya wenye akili zao na wasio nazo, na wote wakanicheka kwa sauti moja. Lakini nilikuwepo. Nilikuwa kibarazani, kwenye kiti changu, na nikiwa kwenye kiti changu hakuna jambo linalopita mtaani bila kunipigia hodi. Naandikia kwenye meza ya Pennamma, kwa kalamu yake, naye yuko shambani. Akirudi itabidi nizikalie karatasi.

Pennamma ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ndiye huyo unayemsoma kila Jumamosi katika jarida la mapenzi, aliyewafanya wauguzi wasahau wagonjwa wao, aliyewaliza wanawake mpaka wali ukaungua wilaya nzima. Kuandika nilimfundisha mimi. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, nikaona walimu wamebaki kurudiarudia, nikatoka. Sasa sikia jambo la kwanza usiloliamini: mwanamke huyo mapenzi yanamtapisha.

Sisemi kwa mfano. Asubuhi anagema mpira kama sote, anamimina utomvu kwenye masinia, anautia tindikali, anaukamua kwenye mashine na kuuanika. Ukitaka kujua mpira mbichi unavyonuka, chukua soksi ya askari, iloweke kwenye maziwa yaliyochacha, halafu uisahau chini ya kitanda cha mgonjwa. Na kwa kuwa paa la kibanda cha moshi, tunakokaushia mpira, liliporomoka na masika, vipande vya mpira vinaning'inia ndani ya nyumba, juu ya meza hii hii, vikidondosha maji ya manjano. Harufu hiyo haimsumbui. Ni ya kazi. Anaketi chini yake, ananyoosha miguu, anaandika.

Kinachomchefua ni Dakta Joymon.

Joymon ni bwana wa kwenye hadithi, na bibi yake ni Rini. Ni daktari, kwa sababu mhariri hataki bwana asiye daktari. Ana gari jeupe, ana nywele zinazoanguka usoni kwa bahati, na ananukia. Lazima anukie. Jarida letu ni la heshima, watu hawabusiani humo, taa huzimika au upepo huvuma, kwa hiyo mapenzi yote yanapitia puani. Pennamma huandika, “Manukato ya Joymon yalimfikia Rini kabla ya Joymon mwenyewe,” halafu anaweka kalamu, anachovya kidole kwenye kisahani cha achari ya ndimu, analamba, anafumba macho. Sentensi moja, achari. Sentensi nyingine, achari. Siku za mapenzi mazito kisahani kinakwisha kabla ya ukurasa.

“Mbona unajitesa?” nilimuuliza siku moja. “Mnyime hayo manukato.”

“Nilimnyima, mjomba. Wasomaji wakadhani amekufa.”

Jambo lingine, kwetu picha hutangulia hadithi. Jalada la rangi huchapwa mbali, huko Sivakasi, ng'ambo ya milima, kwa hiyo mchoraji huchora kabla Pennamma hajaandika neno. Yeye analetewa picha, anatafuta njia ya kuifikia. Na mchoraji mwenyewe ni Sudhakaran, ambaye hunakili kutoka kalenda za maduka. Kalenda ikiwa na farasi, Joymon anaamka na farasi. Aliwahi kumchora Rini ameshika mwavuli katikati ya wodi, Pennamma akalazimika kutoboa paa la hospitali. Tena Sudhakaran hajui kuchora vidole, vyake vinatoka kama ndizi zilizooza, kwa hiyo mikono ya watu wake wote imefichwa: nyuma ya maua, chini ya sari, mifukoni. Kumbuka hilo la mikono.

Mwaka ule mhariri, Kuruvila, alitaka kofi. “Chechi,” alimwambia, maana wote walio wadogo kwake humwita Chechi, dada mkubwa, “mapenzi yamepoa. Joymon ampige Rini kofi moja. Dogo tu. Wasomaji wanapenda.” Pennamma akalamba achari, akaandika kofi. Na kwa kuwa kofi peke yake lilikuwa baya kulitazama, akalipaka sukari: Kofi ni mapenzi yaliyokosa maneno. Wanawake wakaikata sentensi hiyo, wakaibandika kwenye milango ya makabati.

Haukupita mwezi, Lisamma akarudi kwao.

Lisamma ni binti wa jirani yetu Kunjeli, ua kwa ua. Alikuwa ameolewa na Mathukutty, ambaye ndugu yake anafanya kazi nchi za Ghuba, humletea chupa za manukato. Basi anajimwagia kama anayezima moto. Ni mtu anayechokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, anaitazama, halafu kwa njiti hiyo hiyo anachokonoa meno. Nimemwona kwa macho haya, na siku hiyo sikula. Alimpiga Lisamma mbele ya wakwe kwa sababu mchuzi wa samaki ulizidi chumvi, na si kofi dogo. Binti alifika na sikio limevimba, linatoa maji.

Pennamma alivuka ua kwenda kumpa pole. Akamkuta Kunjeli anamenya mihogo, hana hata habari ya machozi.

“Atarudi kwa mumewe,” Kunjeli alisema. “Amepata la kujifunza.”

“Mama, sikio lake linatoa usaha.”

“Litapona. Wewe tena ndiye wa kuniuliza? Si umeandika mwenyewe? Kofi ni mapenzi yaliyokosa maneno. Mathukutty ameniambia hivyo hivyo, kalishika kichwani neno kwa neno. Mkwe msomaji namna ile utampata wapi?”

Pennamma akalamba kidole, hakikuwa na achari. Sentensi yake mwenyewe, aliyoisahau siku aliyoiandika, imetoka kwenye kinywa cha Mathukutty, imepita kwenye meno yale, imerudi kwake na njiti.

“Ile ni hadithi, mama.”

“Basi tuiache hadithi iamue. Nimeshamwambia Lisamma: Rini wako naye yuko kwao, kanuna, si ndiyo? Jumamosi tutasoma. Rini akirudi kwa daktari wake, na huyu wangu atarudi. Mkwe anakuja Jumapili baada ya misa.”

Lisamma alikuwa mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa. Alimtazama Pennamma. Afadhali angemtukana.

Pennamma akarudi nyumbani mbio mbio kuandika Rini asirudi. Alikuwa hajavua ndala, gari la Kuruvila likaingia uani.

“Chechi, tazama uzuri huu!” Alikuwa amebeba jalada lililokwisha kuchapwa, bado lina harufu ya wino. “Yote yameshatoka Sivakasi. Maelfu! Bado maneno yako tu, kesho jioni mafundi wapange herufi.”

Nililiona. Joymon amesimama kama nguzo ya umeme, suruali imenyooka, viatu vyeusi vinang'aa kila kimoja na jua lake. Rini yuko chini, ameinama juu ya viatu vile, nywele zimemwagika, uso hauonekani. Mikono, kama kawaida ya Sudhakaran, imefichwa: ameishika ncha ya sari na kuibana usoni. Matone yanaanguka juu ya kiatu.

“Anaomba msamaha,” Kuruvila alisema, macho yakimlegea. “Ananawisha viatu kwa machozi. Nilipoiona nililia, Chechi, mbele ya dereva.”

“Yeye ndiye aliyepigwa.”

“Ndiyo utamu wenyewe!”

“Unanichefua, Kuruvila.”

“Andika na hilo, ila si wiki hii. Ukishindwa, kuna kijana kule ofisini anaweza kuimalizia kwa jina lako. Wala hakuna atakayegundua.” Akachomoa kitambaa chenye manukato, akajifuta jasho. Pennamma akarudi nyuma hatua moja.

Siku iliyofuata niliishuhudia yote. Aliandika, Rini akapiga magoti. Akalamba achari. Akasoma, akachana. Akaandika tena, Rini anatafuta kitu kilichoanguka, pete labda. Akachana, maana Kunjeli angesema ni kisingizio, kupiga magoti ni kupiga magoti. Alizunguka meza ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mihogo ikapoa, nikaila mimi.

Mchana Mathukutty akapita kwenda kwa mama mkwe na kitoweo, kuhakikisha mambo ya Jumapili. Upepo ulitoka upande wake. Sijui kama umewahi kunusa mpira mbichi na marashi ya waridi yakigombana kwenye chumba kimoja chenye joto. Mimi ni mtu mzima, nimezika watu, nimesafisha tumbo la nyati, na bado nilishika pua. Kutoka uani sauti yake ikasikika, tamu kama maembe yaliyolala: “Amma, mama yangu, mwambie mke wangu nimemsamehe.”

Pennamma alitoka ndani mbio, mdomo ameubana kwa ncha ya sari. Alifika kwenye migomba, akapiga magoti, nywele zikamwagika mbele, akatapika. Akatapika achari ya siku nzima, na nadhani na Joymon wa miaka yote.

Mtu mwingine angekimbilia maji. Mimi, kwa akili niliyojaliwa, nilikaa palepale, nikasema, “Loo! Ukikaa hivyo, we mtoto, utadhani Sudhakaran amekuchora. Vimebaki viatu tu.”

Akageuza shingo, akanitazama, kidevu kimelowa. Halafu akajifuta na kuingia ndani. Hakulamba hata achari moja. Kalamu ilikwenda kwa mlio wa panya kwenye gunia, na jioni bahasha ikaondoka na basi la mwisho, wakati ambao Kuruvila, hata angesoma na kuvunja meza, asingepata muda wa kuandikisha mwingine. Jalada lilikuwa tayari, na jalada lilitaka viatu.

Jumamosi wanawake wakajaa kwenye kibaraza cha Kunjeli kama kawaida. Msomaji ni Lisamma, kwa kuwa mama yake macho hayaoni herufi. Jalada likapita mkono kwa mkono.

“Kapiga magoti!” Kunjeli akashangilia. “Nilisema nini? Viatu vinaogeshwa kwa machozi! Soma, mwanangu, soma polepole.”

Lisamma akasoma, sauti haina uhai. Joymon anaingia. Joymon anasema, Nimekusamehe, Rini. Manukato yanamfikia Rini kabla yake. Na chini ya manukato, Rini akanusa kitu kingine: mkono ule, siku ile, ulipokuja usoni, nao ulinukia hivi hivi.

Sauti ya Lisamma ikabadilika. Akaharakisha.

“‘Tumbo la Rini likageuka. Alitaka kusema neno, halikutoka. Aliziba mdomo kwa sari, akainama. Ilikuwa ni wali wa mchana na dagaa, na vyote vikaishia juu ya viatu vya Dakta Joymon.’”

Mwanamke mmoja akasema, “Mama yangu.”

“Rudia,” Kunjeli akasema.

“‘...juu ya viatu vya Dakta Joymon. Daktari akaruka. Akalia, Viatu vyangu! Wala hakuuliza kama Rini ni mgonjwa. Hapo Rini akajua yote aliyotaka kujua. Akajifuta, akasema, Kile si mapenzi. Mapenzi hayakosi maneno. Kile ni kofi.’”

Kunjeli akalichukua jarida, akaliweka karibu na pua kama atanusa ukweli wake. Akaligeuza picha juu. Akatazama matone. Akatazama sari iliyobanwa mdomoni. Halafu, polepole, akatazama sikio la binti yake, akaendelea kulitazama. “Kweli,” akasema. “Si machozi haya. Machozi hayawi mazito hivi.”

Pennamma alikuwa ameegemea ua, upande wetu, amejificha kama aliyeiba.

Jumapili Mathukutty akaja. Na yeye alikuwa amesoma, maana ndiye msomaji. Kwetu mgeni huvua viatu chini ya ngazi. Alifika, akatazama ngazi, akatazama wanawake waliojaa kibarazani, na wanawake wote walikuwa wanatazama miguu yake. Akavua, akafikiri, akaviokota, akapanda navyo mkononi. Alikaa kwenye kiti amevipakata kama mtoto wa ubatizo. Harufu ikafika mpaka kwangu.

“Haya,” akasema, “twende nyumbani.”

Lisamma akasimama mbele yake. Akatazama vile viatu.

“Siendi.”

“Amma?” Mathukutty akamgeukia mama mkwe.

“Umesikia, baba,” Kunjeli akasema. “Na ukitoka, toka upande upepo unakokwenda.”

Sasa hapa ndipo linapoanza lile usiloliamini kabisa. Kwani unadhani Lisamma aliishia hapo? Aliinama, aliziba mdomo, akatapika, nakuapia, yakajaza kiatu cha kulia, yakajaza cha kushoto, yakateremka ngazi zote, yakakata barabara, basi la Kottayam likateleza likazunguka mara tatu, na askofu aliyekaa kiti cha mbele akatoa kichwa dirishani, kofia imelowa, akasema kwa sauti kubwa, Pennamma ni

“Mjomba! Askofu gani?”