Mholanzi Asiyejua Kitenge cha Holande

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki akilini: Jumapili ile wazazi wa mchumba wa mdogo wangu Esperansi walipokuja kujitambulisha kwetu, ghorofani kule Point, mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia lililochezwa huku Afrika Kusini. Wazazi wetu walibaki Uvira, Kongo, kwa hiyo mkubwa wa kusema ndiyo au hapana hapa Durban nilikuwa mimi. Usicheke. Nilikuwa sijafika thelathini, lakini neno langu lilisikika.

Kijana mwenyewe, Wilem, alikuwa Mholanzi wa ofisi za meli bandarini. Mimi nilikuwa nikiuza vitenge soko la Warwick, na kwetu kitenge cha heshima kuliko vyote tunakiita cha Holande. Mwanamke akikivaa hicho, hata wakwe wananyamaza. Toka utoto nilijua kitu kimoja tu kuhusu Waholanzi, kwamba ndio wenye vitenge vile. Nikajiambia, kama sisi wa mbali tunavaa hivi, wenyewe si wanavilalia kabisa. Na wakati wa Kombe la Dunia niliwaona barabarani, wamevaa rangi ya chungwa toka kofia mpaka soksi, nikasema haya, hawa ni watu wa rangi. Basi nikajifunga Holande juu na chini, nikapiga na kilemba, nikamsubiri mama yake Wilem nione atakuja na ipi.

Mama akaingia na jinzi. Raba nyeupe. Koti fupi la mvua, na mvua hamna. Skafu imezungushwa shingoni kama mgonjwa wa koo, nywele fupi za mvi, masikioni hakuna hata hereni. Baba alikuwa afadhali kidogo: suruali nyekundu iliyopauka, shati bila tai, viatu vya ngozi bila soksi. Bila soksi, mwanangu, na amekuja kuomba mke.

Roho yangu ikakataa hapo hapo. Wakaongea wao kwa wao, nikasikia kama Kiafrikana, lugha ya Makaburu wa huku. Nikawaza, hawa wameokotwa Pretoria, wamelipwa wajifanye wazazi. Miaka ile tulikuwa tukisikia habari za mabinti wanaochukuliwa kwenda kuolewa Ulaya, kumbe wanakwenda kuuzwa. Nikamsogezea yule mama upindo wa nguo yangu, nikamuuliza kama anaijua. Akaushika, akaugeuza, akasema ni nzuri sana, ni ya Kongo?

Nikamvuta Esperansi jikoni.

"Rudisha pete. Hawa si Waholanzi."

"Yaya, umejuaje?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Mholanzi gani hajui Holande? Na wamevaa kama watu wanaokwenda kubeba mizigo."

Hakulia. "Yaya, kama shaka iko, uwaulize wao. Ukiwafukuza bila kuwauliza, nitatoka nao, na hautaniona tena."

Mdogo wangu yule hakuwahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakuipandisha. Ndiyo maana niliogopa.

Nikarudi sebuleni, nikakaa, nikauliza kwa Kiingereza changu cha sokoni: mama, mbona umekuja kumwomba binti yetu na jinzi? Wilem akainamisha kichwa. Yule mama akasema polepole, "Hii ni nguo yangu ya kila siku. Kwetu, mtu akija kwako na nguo zake za kila siku, amekuja bila kuficha kitu." Akatazama kilemba changu, akatazama mkufu wangu. "Na mimi nina swali. Toka nimeingia naogopa. Mtu akijipamba hivi mchana kwa ajili ya wageni, sisi tunajiuliza anatafuta nini kwetu. Mnataka nini kwa mwanangu?"

Nilikasirika, sikufichi. Mtu mwenye heshima zangu, nashukiwa utapeli kwa sababu ya kitenge. Halafu nikaisikia ile hasira vizuri, nikajua ndiyo hiyo hiyo niliyomtia yeye na swali langu. Nikamwambia, "Sitaki kitu. Nimekuvalia wewe."

Akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Na yule baba, maskini, akarudisha miguu yake taratibu akaificha chini ya kiti. Jioni ile nikasema ndiyo, na baadaye nikajua kwamba Waholanzi huvitengeneza vitenge vile ili watuuzie sisi, wenyewe hawavivai.

Basi nisikilize. Sikwambii uache kushuku. Mji huu hauna huruma na wanaoamini upesi, na mimi mpaka leo mgeni namkagua toka kichwani mpaka viatuni. Lakini shaka yako usiifuge kwa kunong'ona na ndugu zako. Ipeleke mbele ya mwenyewe, uiseme. Na ukishaisema, tulia uulizwe na wewe, maana yule uliyekaa naye anaweza kuwa anakuogopa kuliko unavyomwogopa. Hapo kwenye kuulizwa ndipo wengi wanainuka na kuondoka.

Mungu akupe kifua cha kubaki umekaa, mwanangu. Akulindie wako wote, asiwepo hata mmoja atakayetoka mlangoni kwako asirudi, kwa sababu ya swali ulilolimeza.