Nyumba ya Usumbura Uani Kwangu

Mume wangu alikuwa mwashi, na mwashi akisimulia nyumba hatosheki na mdomo. Asubuhi aliyoondoka kwenda Usumbura alichukua kamba, vijiti na ndoo ya majivu ya jikoni, akanichorea uani nyumba nzima aliyokuwa anakwenda kuitengeneza. Ilikuwa ya patron wake, tajiri aliyemwajiri, Mgiriki mwenye duka la vitambaa hapa Kisangani. Mgiriki alikuwa amenunua nyumba kuukuu kando ya ziwa, akataka ibomolewe kuta za ndani na kujengwa upya, apate mahali pa kupeleka mke na watoto wakati wa vakansi, shule zikifungwa. Mimi sikuelewa. Nyumba ya kukaa mwezi mmoja, miezi mingine analala nani humo? Mume wangu alicheka, akasema wazungu hawaogopi nyumba tupu.

Huku baraza, huku saloni ya kupokelea wageni, huku vyumba vitatu. Alichora kwa ukubwa wake wa kweli, nisije nikasema ananiongezea chumvi. Uani palijaa, hata mlango wa choo chetu ukawa unafungukia chumbani kwa watoto wa Mgiriki.

Wakati ule Usumbura haikuwa ugenini. Ilikuwa safari ndefu ya lori, tope na vumbi, lakini Mbelgiji alikuwa yuleyule huku na kule. Kisha sisi tukapata uhuru, baadaye watu wa Usumbura nao wakapata wao, na mume wangu, bila kusogea hata hatua moja, akawa yuko nchi ya nje. Siku ya uhuru watu walicheza barabarani mpaka kanda za viatu zikakatika. Mimi pia nilicheza. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya, nikala wali wa jana peke yangu.

Wazungu wakaanza kuondoka. Mgiriki alifunga duka, akapitia Usumbura, akaenda zake Ulaya. Haukupita muda mrefu, dereva mmoja wa lori akaniletea habari.

"Bwana yako anasema patron ameenda, hatarudia tena. Donc nyumba iko yenu sasa. Akimaliza kazi atakuja kukuchukua."

Toka siku hiyo nikahamia kwenye majivu. Mvua ikifuta ukuta, nautia majivu upya. Habari ziliendelea kuja kwa madereva, ambao walikutana naye sokoni kule na hawakuwahi kukanyaga kwake. Saloni imepakwa rangi. Paa limebadilishwa. Jiko unataka likae wapi? Nilijibu likae nyuma, mbali kidogo na vyumba, moshi usitusumbue. Nikalichora, nikawa natwangia pondu, majani yetu ya muhogo, humohumo, na mbuzi wa jirani wakikatiza chumbani kwangu nawafukuza kwa matusi. Wanawake wenzangu walinicheka, wakaniita madamu wa majivu, lakini wakija kunitembelea walipita mlangoni. Asiyepita mlangoni hakupata chai yangu. Chumba cha tatu tu ndicho nilichokiacha kitupu. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na sikutaka mtu aniulize kile ni cha nani.

Kisha waasi wakauchukua mji. Vijana waliovaa ngozi na majani kichwani walipita ua kwa ua, wakibeba redio, baiskeli na wanaume. Walikuwa wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi, dawa yenye miiko mingi, na mwenye miiko mingi huogopa vitu vingi. Walipofika kwangu wakasimama ghafla.

"Mama, hii iko nini?"

"Iko nyumba."

"Nyumba wapi? Mi naona majivu."

"Iko nyumba ya bwana yangu. Hapa saloni, hapa chumba ya kulala."

Mkubwa wao alirudi nyuma. "Musikanyage," aliwaambia wenzake. "Dawa ya huyu mama iko na nguvu."

Wakaenda kwa jirani, wakamchukua mume wake, na hakurudi. Kwangu hawakugusa hata kuku. Nilimshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyepita tena mlangoni kwangu. Walioniita madamu sasa walinisalimu huku wakiangalia pembeni. Yule jirani, aliyekuwa akija kila asubuhi kuniomba moto, alianza kwenda kuuomba mbali, akipita mbele ya ua wangu na kigae chake mkononi. Nilishinda saloni siku nzima, mimi mgeni, mimi mwenyeji. Upweke ule ulinikondesha. Kilichonishika ni ile ahadi moja, kwamba akimaliza atakuja kunichukua.

Vita vilipotulia na barabara ikafunguka, alifika fundi wa rangi, mtu wa hapahapa, aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu kule. Alipoona michoro alicheka kwa mshangao.

"Eh, mama. Iko yenyewe." Akaanza kutembea ndani, akinionyesha madirisha yalipo. Alipofika jikoni akasimama. "Ni wewe ulisema jiko ikae hapa? Alijenga vilevile. Mupishi ya patron anaipenda sana."

"Patron gani?"

Alijikuna kichwa. "Mugiriki. Anakuja na familia yake kila vakansi."

"Alirudi lini?"

"Zamani, mama. Mbele ya vita kuanza. Bwana yako hakukwambia?"

Nilimuuliza mume wangu analala wapi. Akavuka ukuta wa jiko, akaenda hadi karibu na shimo la takataka, akachora kwa kisigino kichumba kidogo.

"Huku. Chumba ya sentinelle, mulinzi wa usiku. Patron akienda anafunga nyumba, ufunguo anabeba."

Niliuliza kama kina dirisha. Alisema hakina. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba kitanda iko ya mutu moja.

Nilikasirika. Ningekuwa naye pale ningemrushia kinu. Lakini hasira haikukaa. Nilimwona amekaa nje ya milango aliyoipaka rangi mwenyewe, anatafuta la kumwambia dereva, na nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

"Umwambie mi niko na nyumba hapa Kisangani," nilisema. "Kitanda iko ya watu wawili. Arudi tu."

Fundi alipoondoka nilifagia kuta zote za majivu. Nikatoa godoro juani, nikapiga lipu nyumba yetu mahali palipobomoka, nikangoja.

Jibu lilichelewa. Lililetwa na dereva kijana nisiyemjua, ambaye hakuzima hata mashine ya lori.

"Habari yako ilimufikia, mama. Anakusalimia sana. Anasema baraza imeanza kuvuja. Akimaliza kuitengeneza atakuja kukuchukua. Anauliza chumba yako unataka rangi gani."

Kijana alinitazama kwa heshima, kama mke aliyebahatika. Ningesema neno moja tu pale, kwamba nyumba ni ya Mgiriki, lingesafiri naye njia nzima, na mume wangu angeaibika mbele ya madereva wote wa Usumbura.

Nilimwambia nyeupe.