Majibu ya Kuazima

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Mkunjo, basi. Mashuka yalipotoka kwenye pasi ya rola yakiwa bado yanafuka moto, yeye ndiye aliyeyapokea, akayakunja mara mbili, mara nne, akayapiga kofi la mwisho na kuyapanga kwenye troli, kila wodi na rundo lake. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili. Ukimpa shuka lililokwisha kufuliwa, aliligeuza kwenye mwanga, akatafuta kivuli cha doa, akakwambia limetoka wodi gani. Hakukosea.

Raha yake ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine zilizimwa dakika ishirini, masikio yakapumua, na wafuaji wote wakatoa simu kucheza fumbo la neno. Kila siku lilikuja neno moja la herufi tano, na nafasi sita za kulibahatisha. Herufi ukiipatia mahali pake inageuka kijani, ukiipatia nje ya mahali pake inakuwa njano, ukikosa inabaki kijivu na wenzako wanakucheka. Wengine walimaliza wakarudi kwenye chai. Bi Mkunjo alikuwa na nyongeza yake. Maneno yote aliyobahatisha, ya kukosea na ya kupatia, aliyaunga yakawa shairi la mistari minne, akalituma kwa mumewe.

Mumewe alikuwa mpimaji wa barabara. Alikaa kambini siku ishirini na tano, akaja nyumbani siku tano. Kule kambini mtandao ulikuwa wa kubembeleza: maandishi yalipita, lakini ukipiga simu unasikia "haloo, haloo" na ngurumo za magreda, halafu kimya. Tena hata mtandao ungekuwa mzuri, mtu mwenyewe hakuwa wa maneno mengi. Ukimuuliza safari ilikuwaje, anasema nzuri. Chakula? Kizuri. Ndiyo maana shairi la kwanza Bi Mkunjo alilituma kwa mzaha tu, bila kutazamia kitu:

Chura kavaa kofia,
Taulo kajifungia,
Kiatu kimoja pia,
Kajificha kwa pazia.

Haikupita robo saa, simu ikalia.

Chura huyo namjua,
Yuko kazini kwa jua,
Akija utamvua
Kofia, na kumchua.

Bi Mkunjo alicheka mpaka akaanguka kwenye furushi la mablanketi. Mume wake! Yule bwana wa "nzuri, kizuri"! Siku hiyo alikunja mashuka kama msichana aliyechumbiwa jana. Kesho yake akatuma jingine, likajibiwa. Keshokutwa vilevile. Ikawa ndiyo desturi yao, na miaka miwili ikapita hivyo.

Alizoea kumwambia kwa shairi mambo ambayo mdomo ulikuwa unayakwepa. Alimwambia habari za msimamizi mpya anayenusa mashuka. Alimwambia hata habari za wifi yake, dada wa huyo mume, karani wa masjala katika ofisi ya ardhi. Huyo wifi na Bi Mkunjo damu zao hazikupatana. Akija kumtembelea anasalimia nusu mdomo, anakaa kwenye ncha ya kiti, anatazama saa, anaaga. Siku fumbo lilipokuwa na neno "mwiba", Bi Mkunjo hakuweza kujizuia, akaandika mistari miwili tu:

Wifi yangu kama mwiba,
Salamu kama kaiba.

Jibu lilichelewa kidogo siku hiyo, lakini lilikuja:

Mwiba nao una haya,
Hauchomi kwa ubaya.

Akajisemea, huyu mume anampenda dada yake, na kumtetea anajua. Akamheshimu zaidi.

Halafu kulikuwa na lile la shuka. Bi Mkunjo alikuwa na mimba ya wiki kumi. Alikuwa hajamwambia mtu. Alimngojea mumewe aje amwambie ana kwa ana, auone uso wake. Haikufika. Ilitoka siku ya Jumapili, na Jumatano alikuwa kazini, mbele yake rundo la mashuka ya wodi ya watoto wachanga. Saa nne ilipofika alifungua fumbo kwa mazoea tu. Akalipata kwa jaribio la tatu. Maneno aliyaangalia, akaandika:

Shuka dogo nakunjia
Ndoto iliyokimbia;
Wiki kumi kutimia,
Kimya kimya nimelia.

Jibu lilikuja mchana, wakati mashine zimeshawashwa. Alikwenda kulisoma nyuma ya matangi ya maji.

Usilie peke yako,
Nusu yangu, nusu yako;
Shika ncha ya huko kwako,
Nami nashika, mwenzako.

Maneno hayo ndiyo yaliyomsimamisha. Mumewe alipokuja likizo wiki tatu baadaye hakugusia jambo hilo hata kidogo. Alitengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, akapiga rangi dirisha, akarudi kambini. Bi Mkunjo alimshukuru moyoni. Alisema huyu ni mtu mwenye adabu ya huzuni. Amekwisha sema lake, hataki kunitonesha.

Sasa, siku moja ya Alhamisi, mwaka na nusu baada ya hapo, Bi Mkunjo alituma shairi la ngazi. Simu ikalia upesi. Akafungua akitabasamu. Ulikuwa ujumbe wa wifi yake, mtu ambaye humtumia ujumbe mara mbili kwa mwaka.

Ngazi ukiipandia,
Mie chini nashikia;
Ukianguka sawia,
Begani utafikia.

Alisoma mara moja. Alipotaka kurudia, maneno yakatoweka machoni pake, pakabaki taarifa kwamba ujumbe umefutwa. Akakaa vilevile na simu mkononi. Dakika nne baadaye simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mumewe. Ngazi ukiipandia, mie chini nashikia. Neno kwa neno, mpaka mkato.

"Bi Mkunjo, vipi leo, amekuvunja mbavu tena?" aliuliza mwendesha rola.

"Ndiyo," alisema. Alivua aproni, akaomba ruhusa, akatoka.

Ofisi ya ardhi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini, na majalada yamefungwa kwa utepe. Wifi yake alikuwa nyuma ya meza ya mwisho. Alipomwona mlangoni hakuuliza amefuata nini. Alisimama, akasogeza kiti.

"Karibu, wifi."

"Sikai. Tangu lini?"

Wifi alitazama chini. "Tangu chura."

Bi Mkunjo akakikalia kiti alichokuwa amekikataa.

"Kaka alinipigia anahangaika," wifi alisema taratibu. "Anasema mke wangu kaniletea shairi, nimjibu nini? Mimi tangu shuleni nilikuwa napenda mambo hayo. Nikamwandikia moja, nikajua yamekwisha. Kesho yake akaniletea jingine."

"Kwa hiyo lile la kumvua kofia na kumchua ni wewe?"

Wifi alifunika uso kwa jalada. "Niliona aibu wiki nzima."

Siku nyingine wangecheka pamoja. Bi Mkunjo hakucheka. "Na la mwiba ulilisoma wewe."

"Nililisoma. Lilikuwa zuri."

"Na la shuka?"

Wifi alilaza jalada mezani, akaunyoosha utepe wake kwa kidole.

"Hilo nililia hapahapa nilipo. Nilimpigia kaka, nikamwambia la leo lisome mwenyewe, usinitume mimi. Akasema yuko juani, nimwandikie tu, yeye atalisoma jioni."

"Akalisoma?"

"Muulize yeye, wifi."

"Mwaka na nusu," Bi Mkunjo alisema. "Unakuja sebuleni kwangu, unakaa kwenye ncha ya kiti, unanisalimia kama mtu anayedaiwa salamu, na hilo umelibeba."

"Ningekutazama vipi usoni? Kila nikikuona najihisi kama nimekuchungulia bafuni. Mara ngapi nimetaka kukwambia. Lakini nikikwambia, yale mashairi yangekufa, na mimi..." Aligeuza macho kwenye rafu. "Na mimi nilikuwa nayangojea, kila siku saa nne."

Bi Mkunjo aliinuka. Mtu anayekuibia ukiwa umelala ni afadhali. Yeye aliibiwa akiwa macho, huku akishukuru. Alitoka bila kuaga.

Hakumpigia mumewe. Alingoja siku tisa mpaka likizo. Zile siku tisa hakutuma kitu, na mumewe hakuuliza kwa nini. Hilo nalo alilitia moyoni.

Mumewe alifika saa tisa alasiri, na vumbi la barabara kwenye nyusi. Akanawa, akala, akasema chakula kizuri. Bi Mkunjo alimwondolea sahani, akakaa mbele yake.

"Shuka dogo nakunjia," alisema. "Mstari unaofuata unasemaje?"

Mume alimtazama. "Shuka gani?"

Basi, akajua. Aliona hata haja ya kuendelea haipo, lakini aliendelea.

"Wifi ameniambia."

Mume alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. "Mke wangu, mimi si mtu wa mashairi. Unanijua. Nilitaka ufurahi."

"Sikuulizi kama ulikuwa unayaandika. Nakuuliza kama ulikuwa unayasoma."

"Mengine."

"Mengine mangapi?"

Alijikuna shingo. "Ya mwanzoni. Baadaye nikawa nikiona limeingia nalisukuma kwa dada, lake likija nalisukuma kwako. Nilikuwa kama posta tu." Akajaribu kucheka. "Na posta haifungui barua za watu."

Bi Mkunjo hakucheka. Alimweleza. Alimwambia kwa maneno makavu, bila vina: wiki kumi, siku ya Jumapili, nesi aliyekuwa zamu, taulo la kijani. Mume aliinuka, akakaa, akainuka tena. Rangi ilimtoka.

"Mbona hukuniambia?"

Swali hilo ndilo lililomkata kuliko yote aliyoyasikia. "Nilikwambia," alisema. "Na ulinijibu. Jibu lako ninalo." Akafungua simu, akamsomea mistari yote minne, usilie peke yako mpaka mwenzako. Ilikuwa mara ya kwanza mume yule kuisikia. Alijiinamia, mabega yakatikisika. Miaka yote ya ndoa Bi Mkunjo alikuwa hajawahi kumwona akilia. Alidhani siku akimwona atamkumbatia. Alijitafuta ndani, hakuona mkono wa kunyoosha. Akaenda kuosha vyombo.

Hawakuachana. Watu walipomuuliza alisema wako salama, na kwa kutazama walikuwa salama. Mume aliporudi kambini alijaribu kuandika mwenyewe, akatuma mistari mitatu, wa pili una mizani kumi na moja, na mwishoni akaandika "samahani, wa nne umenishinda." Bi Mkunjo aliisoma, akaiacha. Wifi naye alituma ujumbe mrefu usio shairi, wa kuomba radhi. Alimjibu neno moja: "Nimeuona." Kwenye shughuli za familia walisalimiana, wakapeana sahani, wakatazama kwingine. Ajabu ni kwamba kati ya mume na wifi, Bi Mkunjo aliyekuwa akimkumbuka zaidi ni wifi, na hilo hakumwambia mtu, maana nalo lilimuudhi.

Kazini fumbo aliendelea kulicheza. Mwendesha rola alimdai mashairi wiki mbili tatu, akachoka.

Mume, kwa upande wake, aligundua kilima. Kulikuwa na kilima nyuma ya kambi, mwendo wa robo saa, na ukisimama juu yake sauti haikatiki hata kidogo. Akawa anakipanda kila siku saa nne, anampigia mkewe. Anamuuliza ameamkaje, kazi ikoje, amekula nini. Anauliza sana siku hizi, anangoja jibu, anasikika akihema kwa ule mpando.

"Kilima hicho kimekuwepo siku zote?" Bi Mkunjo alimuuliza mara moja.

"Siku zote," mume alisema kwa sauti ndogo.

Tangu hapo simu ikilia anaipokea, hajawahi kuacha kuipokea. Ameamka salama. Kazi inaendelea. Amekula. Mumewe akimsihi, "Niambie na jingine basi," anafikiri kidogo, anatazama mashuka yanayongoja kwenye troli, anamwambia hakuna jingine.