Sujeo ya Mama Mkwe

Nyumba ya Jeomrye naijua mpaka idadi ya vijiko vyake. Ndivyo tunavyosema huku Jeolla, kusini mwa Korea, juu ya jirani uliyemzoea, na kwangu si maneno matupu, maana vijiko vile nimeviosha kwenye misiba mitatu, ukiwemo wa mumewe. Ana sujeo nne za chuma, kila moja kijiko na jozi yake ya vijiti, na ya tano ni ya fedha. Hiyo ya mama mkwe.

Ya fedha alikuja nayo Jeomrye mwenyewe alipoolewa, zawadi ya kumpa mkwe. Laiti angejua! Huku kwetu mkubwa asipoinua kijiko hakuna anayekula. Basi yule bibi alikuwa akikaa mezani anatafuta kasoro, mara supu ina chumvi, mara wali bokoboko, na kijiko hakiinuki mpaka chakula kipoe. Jeomrye hata hakuitwa mezani. Alikula jikoni amesimama, ukoko wa sufuria. Miaka arobaini na moja! Mimi ningeshafungasha virago zamani, Mungu anisamehe.

Sasa bibi ana miaka tisini na mbili na akili imemtoka. Kijiko hakiinui kwa sababu amesahau ni cha nini. Jeomrye anamlisha tonge kwa tonge, mlo mmoja saa nzima, halafu amwogeshe, amfulie, na mlo mwingine umeshafika. Mashemeji wako Seoul, wanapiga simu sikukuu. Juzi aliniambia, "Shoga, nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka." Alikuwa ameomba kitu kimoja tu serikalini, mtu wa kumsaidia saa tatu kwa siku.

Afisa wa kumpima bibi kama anastahili msaada akaja Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, binti mpole mwenye faili. Mimi nilikuwepo, nimepeleka kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha. Jeomrye akaweka meza ndogo, wali na supu ya maharage.

Wee! Bibi kumwona mgeni tu, akakaa wima, akalaza nywele kwa kiganja, akashika sujeo yake ya fedha na kuinua kijiko. "Karibu mwanangu, kula, usione haya." Supu ile aliinywa bila kudondosha hata tone. Wazee wetu ndivyo walivyo, mbele ya mgeni hawakubali kuaibika hata wawe wanakata roho.

"Anakula mwenyewe," afisa akasema, akaandika.

"Leo tu!" nikaropoka. "Jana hakujua hata mdomo wake uko wapi!"

"Acha, shoga," Jeomrye akasema. "Nani atatuamini?"

Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, hana hata nguvu ya kukasirika. Nilikasirika mimi kwa niaba yake. Bila msaada ule asingeumaliza mwaka, na mwenyewe alijua.

Bibi akageuka, akamwangalia pale mlangoni, akamwangalia tena.

"Na yule mama wa watu, mbona mmemwacha amesimama? Hamwoni ana njaa? Ongezeni sujeo! Njoo mama, kaa hapa. Umetoka mbali?"

Afisa akaacha kuandika.

Jeomrye alisimama palepale kwanza, kama hajasikia. Kisha akachukua sujeo moja ya chuma, akaja, akaketi kando ya mkwe wake. Bibi akamsogezea bakuli lake mwenyewe la wali. Jeomrye akawa anatafuna huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Mama," afisa akamwuliza polepole, "ina maana bibi hakujui?"

"Hanijui," Jeomrye akasema, wali mdomoni. "Angenijua, asingenikaribisha."