Shati la Baba Kando ya Njia

Juzi, hapa Kasongo, niliona shati la mwanaume likikauka peke yake kwenye kamba ya jirani, nikasimama.

Nilipokuwa mtoto, mama alifua shati la baba kila tulipofua, ingawa baba hakuwepo tangu mvua zilipoanza. Alilisugua kwa sabuni ya mawese, akalianika mbele, kando ya njia, nguo zetu zikibaki nyuma ya nyumba. Sikuelewa ni nani aliyelichafua. Nilidhani baba huja kulivaa tukiwa tumelala.

Mchana mmoja kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, alisimama uani akinuka jasho na tumbaku.

"Mama, bwana yako iko wapi?"

"Iko shamba. Shati yake ya jana ile, haiyakauka bado."

Kapita akalishika, maji yakamdondokea viatuni, akaenda zake. Mama akaketi chini ghafla, akanivuta kifuani. Nikashangaa anaogopa nini, na baba yuko shamba tu.

Leo najua baba alikuwa amekimbia kulimishwa pamba ya Wazungu kwa lazima. Siku ile nilijipenyeza ndani ya shati lile bichi, nimnuse.

Lilinuka sabuni tu.