Chumba Changu cha Uingereza

Wajukuu zangu wakinisikia nasema kwamba hoteli waliyolala Wazungu kule Uingereza niliichagua mie, huangua vicheko. "Bibi, weye hata Tanga hujafika!" Kweli sijafika. Meli nimeipanda mara moja tu, kwenda Unguja kutibiwa jicho, na nilitapika kutoka Mkoani hapa Pemba mpaka forodhani. Lakini hoteli niliichagua, na woga nilioupata siku zile sijaupata tena, hata katika uchungu wa kuzaa, na nimezaa mara saba.

Ilikuwa miaka michache kabla ya ile vita kuu ya pili iliyotukosesha mchele. Mume wangu wa mwanzo alikuwa ameniacha na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kukaa, nikarudi kwa mama yangu Gombani. Kila asubuhi nikimwacha mwanangu kwa mama, nakwenda kwa miguu mpaka Chake, nyumba ya juu kilimani, kwa Mzungu mmoja bwana wa kilimo. Kazi yangu ilikuwa mtoto wao. Wa kike naye, miaka minne, nywele kama ndevu za muhindi. Mtoto yule hakulala mchana ila nimwekee kiganja mgongoni. Mama yake akijaribu, analia. Baba yake akijaribu, analia zaidi. Nikija mie, kimya. Sijisifu, nasema lililokuwa. Na Kiswahili chake kilikuwa cha Gombani kitupu, maana alikipata kwangu.

Wazungu walikuwa na desturi ya livu. Wakishakaa huku muda wao, hurudishwa kwao miezi kadhaa wapumzike. Mie hapo nilikuwa sielewi. Memsabu wetu, mke wa bwana, kazi yake ilikuwa kuagiza chai na kuuliza kama chai ishachemka. Sasa anakwenda kupumzika nini? Na kama ni kupumzika, mbona asiende kwa jamaa zake? Mpishi ndiye aliyenieleza. Mpishi alikuwa Mngazija, mtu mzima, ujanani mwake alipika kwenye meli, kwa hiyo dunia yote aliijua yeye.

"Jamaa zao hawana nafasi ya kulaza wageni," akanambia. "Wanakwenda hoteli. Nyumba ya watu wasiowajua. Wanalala, wanalishwa, wanaondoka."

"Bila ya kuwa na udugu nao?"

"Bila ya udugu wala ujirani. Ukimjua mwenye nyumba, si hoteli hiyo."

Basi ikawa kila meli ya barua ikifika, memsabu anapata vitabu vyembamba vya picha, kila kitabu na hoteli yake. Akivitandaza juu ya meza barazani, anavipanga, anavipangua. Siku moja akaniita, akasema kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi, "Yaya, nawe utakuja! Utamwangalia mtoto." Akachukua uzi wa sufu wa rangi ya kahawia, akanipima mkono kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Anifumie sweta, maana kwao kuna baridi.

Nikasema, "Ahsante, memsabu." Ningesema nini? Mtu wa serikali akikwambia utakuja, siku zile ulikwenda. Lakini uzi ule uliponigusa mkononi nikaona napimwa sanda.

Toka siku hiyo sweta likawa linakua. Asubuhi nikifika nalitazama kwanza lile kabla sijamtazama mtoto. Leo limefika kiunoni. Leo limeanza bega. Nikajua likimalizika nami nimekwenda.

Nikamwambia mama. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimamisha ungo. "Mie sikukatazi," akasema. "Lakini ukirudi usimwite mtoto huyu 'njoo kwa mama'. Mama yake nitakuwa mie, na weye atakukimbia kama mgeni."

Mwanangu alikuwa ameshika kanga yangu, anajivuta asimame.

Hoteli nyingi zilitupwa, zikabaki mbili. Memsabu akanionyesha. Ya kwanza ilikuwa pwani. Nyumba ndefu nyeupe, mbele yake ufukwe wa mawe, na juu ya ufukwe viti vya turubai vimepangwa safu nzima, vyote vimeelekea baharini. Hakuna hata mtu mmoja. Kwetu watu hawakai safu kutazama bahari bure. Mtu akizama, ndipo jamaa zake wanapokaa ufukweni, wanayatazama maji kutwa, siku ya kwanza, ya pili, mpaka bahari imtoe. Sasa hii nyumba inazamisha watu wangapi, hata wakaweka viti vya kudumu?

Ya pili ilikuwa shamba, mbali na bahari. Hii ndiyo ilinimaliza kabisa. Nyumba kongwe ya mawe, na majani ya kutambaa yameifunika kutoka msingini mpaka paani, madirisha yanachungulia humo ndani meusi. Gombani kulikuwa na nyumba ya hivyo, mahame, wenyewe wamekufa zamani, majani yameimeza. Wakubwa walitukataza hata kuitana majina tukipita karibu. Binti wa ami yangu aliingia kuchuma mapera. Alitoka na mapera yake mkononi na hasemi. Alikaa mwezi hasemi, na aliposema, sauti haikuwa yake. Nyumba inayoachwa majani yapande mpaka paani ina wenyewe wengine. Hilo mie sikuambiwa na mtu, nililiona.

Nikenda jikoni, nikamweleza mpishi. Akacheka. "Hukuona bado. Kule baridi inakata masikio. Nimemwona mtu ameshika sikio lake mkononi."

"Mwongo weye!"

"Basi nenda, utarudi na moja, utanambia." Kisha akapunguza sauti. Alikuwa amewasikia wakizungumza mezani alipopeleka supu. Barua za hoteli zote mbili zimejibiwa. Ile ya pwani ina chumba kidogo juu, chini ya paa, cha yaya. Ile ya shamba haipokei watumishi wa watu. Mtoto ataangaliwa na mwanamke wao wa pale. "Bwana anataka shamba, anasema bahari ameshiba. Memsabu anataka pwani, kwa sababu yako. Omba bwana ashinde, mwanangu. Akishinda bwana, unabaki."

Nikaomba. Siku tatu niliomba nyumba ya mahame ishinde.

Siku ya nne wakaniita barazani wote wawili. Memsabu ameshika sweta, limebaki mkono mmoja tu. Vitabu viwili viko mezani. Bwana akasema, "Sisi tunagombana. Wewe unamjua mtoto kuliko sisi. Sema, mtoto atalala vizuri wapi?"

Nikaitazama ile ya pwani, na viti vyake vinangoja. Nikamwona mwanangu ananikimbia. Nikaweka kidole juu ya ile ya majani.

"Hapa, bwana."

"Si nilisema!" Bwana akajipiga paja. Sindano za memsabu zikasimama. Barua ikawa iandikwe kesho, meli ya barua ilikuwa kesho kutwa.

Njia nzima ya kurudi Gombani nilikuwa nakaribia kukimbia kwa furaha. Nikafika, nikamtupa mwanangu juu, nikamdaka. Mama akaniangalia. "Umefanya nini?" akaniuliza. Mama yangu hakudanganyika. Nikamwambia. Akasema, "Na yule mtoto wa watu, naye unampenda?" Akaendelea na kazi zake.

Kesho yake mchana nilimlaza yule mtoto kama kawaida. Kiganja mgongoni. Akageuza shingo.

"Yaya, weye huji?"

"Siji, mwanangu."

"Sasa nani ataniweka mkono?"

"Kuna bibi mmoja wa pale pale."

"Anakaa wapi? Ndani ya majani?"

Mtoto yule alikuwa amekwishaiona picha, na alichokiona yeye ndicho nilichokiona mie. Akasema, "Ana mikono ya baridi?" Nikamsugua mgongo. Akalala, naye kwa kawaida hulala haraka, na mie nikabaki namtazama uti wa mgongo unavyopanda na kushuka chini ya kiganja changu, mwembamba kama wa kuku. Nikamwona anatoka ndani ya majani yale, mapera mkononi, hasemi.

Nikainuka nikenda barazani. Bwana ana kalamu mkononi, memsabu kando yake na sweta lake.

"Bwana, nilisema uongo jana. Nyumba ile msimpeleke mtoto. Ina wenyewe."

Nikawaeleza yote, majani, binti wa ami yangu, sauti isiyo yake. Wakatazamana. Kisha memsabu akauliza kwa upole, "Na hii ya pwani?"

"Hiyo watu wanazama, memsabu. Wanakaa vitini wanangoja maiti. Lakini mkimshika mkono hatazama. Kwa wenyewe wa majani, kumshika mkono hakufai kitu."

Bwana alicheka mpaka akakohoa. Memsabu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa lile sweta. Akasema, "Haya, pwani basi. Vizuri! Sasa utakuja nasi."

Na hapo ndipo nilipomwambia Mzungu neno ambalo sijapata kumwambia Mzungu mwingine.

"Siendi, memsabu."

Kicheko kikakatika.

"Kwa nini?"

"Nina mtoto."

"Wewe? Mtoto? Wapi?"

"Gombani. Bado hajasimama vizuri."

Miezi minane nilikuwa nikiingia nyumba ile. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Akanitazama kama aliyeona mtu mwingine amesimama pale. Nikangoja kufukuzwa. Nikangoja bwana aite askari, kwani nilidhani kumkatalia mtu wa serikali ni kosa la kufungiwa. Bwana aliitazama kalamu yake tu.

"Nani anamlaza mchana?" memsabu akauliza.

"Mama yangu."

Akalichukua lile sweta, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kufumua. Mbele yangu, taratibu, safu kwa safu, anazungusha uzi mkononi. Bega likaondoka. Kiuno kikaondoka. Nimesimama pale mpaka likabaki donge. Mpaka leo sijui alifumua kwa hasira au kwa aibu. Nilijua tu kwamba nimepona, na meno yangu yalikuwa yanagongana kana kwamba ile baridi ya kwao imenifika Chake.

Walikwenda. Hawakunifukuza, waliniacha na mpishi tuitunze nyumba mpaka warudi. Siku ya kuondoka mtoto alining'ang'ania shingoni, wakambandua. Niliwaambia, "Mshikeni mkono." Nilisema mara tatu. Baada ya hapo woga ulihama, haukuondoka. Zamani nilijiogopea mie. Sasa kila meli ya barua ikija naogopa kusikia bahari imemchukua, na nyumba ile nimewachagulia mie.

"Weye umekuwa kama vile viti vyako," mpishi akinitania. "Kutwa unatazama bahari."

Siku moja akaniita, ameshika kadi ya picha imetoka posta. Ilikuwa hoteli ile ile, lakini safari hii viti vina watu. Wanaume wana kofia usoni, mwanamke mmoja kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi. Nikaisogeza karibu na macho. Walikuwa wamelala! Mtu anayengoja maiti halali. Basi nikakaa chini pale pale jikoni, nikacheka, nikalia.

"Ngoja nisome," mpishi akasema. Kizungu chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini kilitosha. Mtoto mzima. Anaoga baharini, baba yake amemshika. Juu ya picha kulikuwa na alama mbili za wino. Akaiwekea kidole ya kwanza. "Dirisha hili analala yeye." Akapandisha kidole mpaka chini ya paa, kidirisha kidogo kabisa. "Na hiki ndicho kilichokuwa chako. Hakina mtu. Memsabu anasema mtoto kila siku anapanda ngazi, anasukuma mlango, anatazama kama umefika."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Ilikuwa vile vile.

Hawakurudi Pemba. Livu ilipokwisha bwana alipelekwa nchi nyingine, akaja Mzungu mwingine asiye na mtoto, nami nikarudi zangu Gombani. Mwanangu alikuwa anakimbia. Alinikimbilia mie. Ndiye mama yao hawa wajukuu, anayenikoromea kila siku, na alama za meno kwenye pembe ya ile kadi ni zake.

Kadi ninayo kashani. Viti siviogopi tena, hata ile nyumba ya majani siioti. Kile kidirisha cha juu ndicho nisichoweza kukitazama sana. Ngazi zile ni ndefu, mtoto ni mdogo, anapanda peke yake, na mlango aliokuwa akiusukuma ni wangu.